Kuhamia Mombasa na familia ukitokea Tanga: makaratasi, hesabu na usalama

Kutoka Tanga mjini hadi mpakani Horohoro ni lami ya kilomita 65 hivi, na kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka huo, hadi Likoni ni kama 100 nyingine. Ukiondoka alfajiri, chakula cha mchana unakila Mombasa. Lugha ni ile ile, samaki ni wale wale, na Ngamiani hutakosa mtaa wenye mtu aliye na shangazi Kisauni au Likoni. Ukaribu huo ndio unaoziponza familia nyingi. Wanafunga mizigo kama wanaohamia Muheza, kumbe wanaingia nchi yenye sheria zake, fedha yake, shule zake na polisi wake. Baada ya miezi mitatu mtoto hana shule, baba hana kibali, akiba imekwisha, na kurudi ni aibu.

Mwongozo huu ni wa familia yenye watoto inayotaka kwenda kuishi, si kutembea. Fuata mpangilio wake: hesabu kwanza, makaratasi pili, nyumba na shule baadaye, mizigo mwisho. Wengi huanza na mizigo.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya mshahara unaobaki mkononi

Shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi 20 za Tanzania. Kiwango hupanda na kushuka, lakini kwa kupanga, 20 inatosha. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu akisikia mshahara wa KSh 50,000 anazidisha, anapata milioni moja ya Tanzania, na moyo unamruka. Milioni hiyo haifiki mkononi.

Chukua karatasi uandike makato yenyewe, kwa viwango vya mwaka 2025. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya hukata asilimia 6, yaani 3,000. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75, yaani 1,375. Tozo ya nyumba nafuu ni asilimia 1.5, yaani 750. Ukitoa hizo tatu inabaki 44,875, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi ya mapato: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, zilizobaki kwa asilimia 30. Jumla inakuja 8,246, unapunguziwa nafuu ya 2,400 ambayo mkazi hupewa kila mwezi, unalipa 5,846. Mkononi unabaki na KSh 39,029, au kama 780,000 za Tanzania. Milioni imepungua zaidi ya laki mbili kabla hujanunua hata kibiriti. Muulize mwajiri kwa maneno haya haya: "Hiyo ni kabla ya makato au baada ya makato?" Akijikanyaga, omba iandikwe kwenye mkataba.

Sasa matumizi. Tuseme nyumba ni KSh 12,000 kwa mwezi, na nyie ni watu watano.

Maji ndiyo yanayowashtua watu wa Tanga kuliko kitu kingine. Mombasa ina upungufu wa maji wa miaka mingi. Mitaa mingi bomba hutoka siku moja moja, na maji ya visima karibu na bahari huwa ya chumvi: yanafaa kufulia na kudekia, hayafai kupikia chai. Inayobaki ni kununua kwa mwenye mkokoteni. Familia ya watu watano kwa kubana hutumia madumu 8 ya lita 20 kwa siku. Dumu likiwa KSh 20, hiyo ni 160 kwa siku na 4,800 kwa mwezi. Umelipa maji kwa thamani ya asilimia 40 ya kodi ya nyumba. Nyumba ya 15,000 yenye tangi kubwa na maji ya uhakika yasiyo ya chumvi ni rahisi kuliko ya 12,000 isiyo nayo.

Umeme nao ni ghali zaidi. Mtumiaji mdogo wa TANESCO, yule asiyepita uniti 75 kwa mwezi, amezoea bei ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi ya serikali. Kenya uniti moja pamoja na kodi zake hupita KSh 20, yaani zaidi ya 400 za kwetu. Jokofu, feni mbili na pasi vinaweza kumaliza uniti 100 bila anasa yoyote. Weka 2,500.

Nauli: tuseme mfanyakazi analipa 60 kwenda na 60 kurudi kwa siku 26. Ni 3,120.

Jumlisha: 12,000 na 4,800 na 2,500 na 3,120 ni 22,420. Toa kwenye 39,029, inabaki 16,609. Gawa kwa siku 30, ni 553 kwa siku, na kwa watu watano ni KSh 110 kila mmoja, sawa na shilingi 2,200 za Tanzania. Humo ndimo mna chakula, sare za shule, dawa, sabuni na salio la simu. Maisha hayo yanawezekana, lakini hayana nafasi ya mtoto kuumwa. Bei zako zitakuwa tofauti na za mfano huu. Njia ya kuhesabu ni hii hii, na ikiwa mwisho wa karatasi kila mmoja anabaki na chini ya hapo, msimamo wetu ni kwamba familia isihame bado: atangulie mmoja.

Kabla ya kuondoka muwe na fedha za kuishi miezi mitatu bila mshahara, na juu yake nauli ya kurudi Tanga kwa kila kichwa, iliyowekwa mahali pasipoguswa.

Hatua ya pili: nenda ukaone, na uone saa zinazofaa

Usikodi nyumba kwa picha za simu. Nenda siku nne zikiwemo Jumamosi na Jumapili, ufikie kwa ndugu kama unaye.

Utapeleleza nini? Tembea njia ya kutoka nyumba unayoitaka hadi shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo mtoto wako ataipita. Rudi mtaani saa mbili usiku utazame kama kina mama bado wako nje na maduka yako wazi. Mtaa ambao wenyeji wenyewe wamejifungia mapema unakwambia jambo. Muulize muuza mkaa, fundi cherehani na mama wa viazi karai, kila mmoja peke yake, swali moja: "Mwaka huu vijana wa mapanga wamepita hapa?" Magenge ya vijana yenye mapanga yamewahi kusumbua sehemu za Kisauni na Likoni, lakini si kila mtaa wa huko. Tofauti inaweza kuwa barabara moja na nyingine, na hilo mwenyeji tu ndiye anayelijua.

Kama kazi iko kisiwani na nyumba ni ya Likoni, kuna kivuko. Mtembea kwa miguu hapandi kwa pesa, ila asubuhi na jioni watu ni wengi mno, na feri moja ikiharibika foleni inaweza kula saa nzima. Barabara ya Dongo Kundu sasa inaunganisha kusini na Miritini bila kuvuka maji, lakini huzunguka mbali na inamfaa zaidi mwenye gari au anayefanya kazi upande wa Changamwe. Ukunda, kaunti ya Kwale, ni chaguo ambalo watu wa Tanga huliruka bure: ni karibu zaidi na Horohoro, na mwenye kazi ya hoteli za Diani hana haja ya feri kabisa.

Kuhusu usalama wa nchi, tazama kalenda ya siasa. Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila miaka mitano, na unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu elfu moja, na baadhi ya chaguzi nyingine zimepita kwa utulivu. Usihamishe familia kati ya Julai na Septemba ya mwaka wa uchaguzi. Maandamano ya vijana ya Juni 2024 yalifika Mombasa pia. Siku za namna hiyo mtoto haendi mjini, na ndani kuwe na unga, maji na tokeni za umeme za wiki mbili. Fuatilia pia mahusiano ya nchi zetu: Julai 2025 Tanzania ilipowakataza wasio raia baadhi ya biashara ndogo, Wakenya wengi walichukia, na hasira ya namna hiyo inaweza kumfikia Mtanzania mwenye kibanda Mombasa.

Hatua ya tatu: makaratasi ya Tanga, miezi sita kabla

Anza na cheti cha kuzaliwa cha RITA kwa kila mtoto. Kadi ya kliniki si cheti. Linganisha herufi kwa herufi na majina yaliyo kwenye kitambulisho cha NIDA cha baba na mama. "Mwanaidi" kwenye cheti na "Mwanahidi" kwenye NIDA ni kosa dogo nyumbani, ila kwenye dawati la uhamiaji linasimamisha familia nzima. Kurekebisha huchukua muda, ndiyo maana unaanza hapa.

Kisha pasipoti. Kila mmoja na yake, hata mtoto wa mgongoni. Ada ni shilingi 150,000 kwa kichwa, kwa hiyo familia ya watu watano ni 750,000. Hati ya dharura ya safari inakuvusha kwenda arusini, lakini usiitegemee kuombea kibali cha kuishi. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi: Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho, Tanzania haimo.

Cheti cha ndoa, cha serikali na si cha msikitini au kanisani peke yake. Mzazi mmoja akisafiri na watoto, abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake iliyothibitishwa na wakili au hakimu, na nakala ya kitambulisho chake. Maofisa wa mpakani wanachunga biashara ya watoto, na wana haki kukuzuia.

Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na kadi yake ni ya maisha. Watoto huchanjwa kuanzia miezi 9. Ukichanja leo ukasafiri kesho, kadi yako bado haijaiva. Hospitali ya Bombo watakuelekeza pa kuipata.

Shuleni chukua barua ya uhamisho na ripoti za miaka miwili iliyopita, zenye mhuri. Piga nakala mbili za kila karatasi: moja ibaki Tanga kwa mtu unayemwamini, moja iwe kwenye simu.

Hatua ya nne: kibali, na kwa nini ndicho usalama wako

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia Kenya bila viza na anaweza kupewa mpaka miezi sita ya matembezi. Tazama mhuri palepale dirishani: ofisa akiandika siku 30, ni siku 30. Na mhuri wa matembezi hauruhusu kazi, hata kazi ya kuuza vitumbua.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010, inasema mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba kukamilika. Maombi ya kibali hupita mtandaoni. Mwajiri wa kweli anajua hili na anakupa barua na nakala za kampuni. Anayesema "njoo tu, kibali tutatengeneza baadaye" anakuweka mikononi mwake: atakuchelewesha mshahara, na hutamshtaki.

Mke au mume na watoto hupata pasi ya wategemezi. Mwenye pasi hiyo akipata kazi, naye aombe kibali chake mwenyewe. Mtoto anayesoma anahitaji pasi ya mwanafunzi. Kila aliyepita miaka 18 na atakayekaa zaidi ya siku 90 ajiandikishe apate kitambulisho cha mgeni. Kitambulisho hicho ndicho kinachokurahisishia kupata namba ya kodi ya KRA, akaunti ya benki na laini ya M-Pesa.

Tunalikazia hili katika usalama kwa sababu hapo ndipo lilipo. Mombasa kuna misako, hasa baada ya tukio lolote la ugaidi pwani. Mwenye karatasi anaulizwa dakika mbili anaachwa. Asiye nazo analala kituoni, anatoa pesa, na wiki inayofuata anatafutwa tena kwa kuwa ameshajulikana. Akiibiwa haripoti. Akidhulumiwa kazini ananyamaza. Wizi wa mtaani utakukuta mara moja kwa bahati mbaya, lakini kukosa kibali kunakufuata kila siku.

Hatua ya tano: shule

Kwetu bado wengi wanahesabu miaka 7 ya msingi, 4 na 2. Kenya ni 6 ya msingi, 3 ya shule ya chini ya sekondari, 3 ya juu. Hesabu miaka aliyosoma: darasa la saba ni gredi ya 7, kidato cha kwanza ni gredi ya 8, cha pili ni gredi ya 9, cha tatu ni gredi ya 10.

Lugha ndiyo kizingiti. Shule ya serikali kwetu hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, kule ni Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa tatu darasani anaweza kukwama kwa hesabu anayoijua, kwa sababu hajui swali limeuliza nini. Mpe miezi minne kabla ya kuhama ya kujifunza maneno ya hesabu kwa Kiingereza, kila siku nusu saa. Shule ikitaka kumrudisha darasa moja, kubali kwa aliye chini ya gredi ya 5. Kwa mkubwa, jadiliana.

Usimhamishe mtoto wa gredi ya 7 mpaka 9 kabla ya kumuuliza mkuu wa shule jambo moja mahsusi. Matokeo ya mwisho wa gredi ya 9 hayatokani na mtihani wa mwaka huo peke yake: asilimia 60 ni mtihani wenyewe, 20 ni mtihani wa gredi ya 6, na 20 ni kazi za shuleni za gredi ya 7 na ya 8. Mtoto kutoka Tanga hana ile ya gredi ya 6. Uliza alama zake zitajazwaje, na upate jibu kwa maandishi. Wadogo wanahama kwa urahisi zaidi, hasa Januari, mwaka wa masomo unapoanza nchi zote mbili. Kenya ina mihula mitatu, kwa hiyo michango huitwa mara tatu.

Hatua ya sita: nyumba

Tanga umezoea kulipa miezi sita au mwaka. Mombasa unalipa mwezi kwa mwezi, pamoja na amana ya mwezi mmoja siku ya kuingia, wakati mwingine na amana ya maji na umeme. Ni nafuu kuingia, na ni rahisi pia kufungiwa mlango ukichelewa, kwa hiyo tarehe ya kulipa usiichezee.

Kabla hujatoa pesa fungua kila bomba, onja maji, washa kila taa, vuta choo. Uliza mita ya umeme ni yako peke yako au mnachangia. Piga picha za kila ukuta, kioo na kitasa mbele ya msimamizi wa jengo, ambaye wenyeji humwita keateka, kisha mwandike orodha msaini wote. Bila hiyo, siku ya kuondoka amana yako italiwa na rangi ya ukuta. Lipa kwa njia yenye kumbukumbu, kwa jina la mwenye nyumba, kamwe si kwa dalali.

Kuvuka, na wiki za mwanzo

Uza mtungi wa gesi Tanga. Kenya mitungi ya nyumbani ni ya kilo 6 na 13, wa kwetu wa kilo 15 hakuna wa kukujazia. Plagi ni zile zile za pini tatu bapa, vyombo vya umeme vitafanya kazi. Andika orodha ya vyombo vyote vya ndani, nakala mbili, ieleweke ni vitu vilivyotumika na si bidhaa. Ukienda Kenya, kituo ni kimoja upande wa Lunga Lunga, unagongewa kutoka na kuingia mahali pamoja. Hakikisha mihuri ni miwili.

Usibadilishe fedha nyingi kwa vijana wa mpakani. Kuna mchezo wa kuhesabu haraka na kuna noti zilizokufa: noti ya KSh 1,000 ya zamani, yenye picha kubwa ya uso wa Jomo Kenyatta, haikubaliki tangu Oktoba 2019. M-Pesa ya Vodacom hutuma kwenda Safaricom, tumia hiyo.

Kisha zoeza masikio. Dereva wa tuktuk akisema "mia mbili", Mtanzania husikia pesa ya pipi, kumbe ni elfu nne. Wiki za mwanzo mpe kila mtoto mkubwa jedwali dogo mfukoni: 50 ni 1,000, 100 ni 2,000, 500 ni 10,000.

Kadi ya NHIF ya Tanzania haitibu Kenya. Mpaka usajili wa SHA ukamilike, tenga fedha za hospitali. Mwenye dawa za kudumu abebe za miezi mitatu pamoja na cheti cha daktari. Hospitali kubwa ya umma ni ya rufaa ya Pwani, watu wengi wakiiita Makadara. Mtoto akizaliwa Kenya kwa wazazi Watanzania si Mkenya kwa kuzaliwa tu. Mwandikishe Kenya, kisha kwenye Ubalozi Mdogo wa Tanzania ulioko Mombasa. Mkajiandikishe hapo nyote wiki ya kwanza, ili siku ya dharura ubalozi ujue mko wangapi na mnaishi wapi. Namba za polisi ni 999 na 112, watoto wazikariri.

Laini yako ya Tanzania usiiache ife, kwa sababu benki yako imefungwa nayo. Weka salio na piga simu nyumbani walau mara moja kwa mwezi. Kama Tanga una nyumba, usiiuze mwaka wa kwanza. Ipangishe kwa mkataba wa miezi sita sita, na muache shuleni mawasiliano mazuri na mwalimu mkuu, ili mtoto akirudi katikati ya mwaka apokewe bila kuanza upya.